Hivi kwa nini sherehe za tuzo hazina mtangazaji wa mpira?

Rimoti_Mkononi

Wakuu, habari za jioni. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa Simba na Yanga. Najua utafika huko tu, lakini angalau uanze salama.

Mimi nina kibanda umiza hapa Kihonda, Morogoro. TV mbili, mabenchi, na feni inayozunguka inapojisikia. Kazi yangu ni kushika rimoti huku nikitukanwa. Nikiweka utangazaji wa Kiingereza, nyuma wanapiga kelele. Nikiweka wa Kiswahili, mbele wanasema mtangazaji ana timu yake. Kwa hiyo kwenye mada hii naomba mnisikilize kama mtaalamu.

Usiku wa Ballon d'Or ya 2024 niliandika tangazo mlangoni: MCHEZAJI BORA WA DUNIA, LEO USIKU, 500. Pakajaa. Nusu walikuja kumwona Vinicius akibeba, nusu walikuja kuwaona hao wenzao wakilia. Kumbe Real Madrid wameshapata fununu kwamba mtu wao hachukui, na msafara mzima umegoma kwenda Paris. Sasa hapo si ndipo palipokuwa na mechi? Lakini kwenye TV hakuna anayetuambia chochote. Yuko Drogba na suti yake, anaongea kistaarabu, anakaribisha video. Video inaisha, makofi. Anaitwa mtu, anashukuru, makofi. Kijana mmoja wa bodaboda akasimama kudai hela yake. Anasema amelipa mia tano ya mpira na hajaona hata kona.

Katikati ya zogo waya wa spika ukachomoka. Picha ipo, sauti hakuna. Wakati nimeinama nautafuta, mzee mmoja mstaafu wa reli, mteja wangu wa benchi la mbele, akakohoa, akaanza kwa sauti ile ya zama za Redio Tanzania:

"Naam, msikilizaji, kama ndiyo kwanza unafungua redio yako, hapa ni Paris, ukumbi umefurika, na George Weah ndiye mwenye bahasha. Anaichana. Anaitazama. Ni Rodri! Anainuka Rodri, anatembelea magongo, goti bovu, anakutana na mtu wa kwanza, anamkumbatia, anamwacha. Wa pili huyu hapa, anapewa mkono tu, sijui wana nini. Anaambaa, anaambaa na safu ya mbele, sasa anakabiliana na ngazi! Gongo la kulia linatangulia, la kushoto linafuata, Weah anamsubiri pale juu, amebaki yeye na Weah, yeye na Weah… keshafikaaaa!"

Jamani, benchi la nyuma lilianguka na watu wake. Yule wa bodaboda hakuikumbuka tena mia tano yake.

Tangu hapo kuna jambo linanikera. Kwenye mpira wa TV mtangazaji ananihadithia ninachokiona. "Anaurusha." Naona. "Kipa anaudaka." Naona mkuu, na wewe unajua naona, maana tunatazama kioo kimoja. Halafu kwenye tuzo, ambako kweli sijui nani kamnunia nani, nani kavaa suti ya kuazima, nani alikuwa na uhakika hadi akaja na mama yake, huko ndiko wananinyamazia.

Chukua kile kipande wanapotaja wanaowania. Kioo kinagawanywa vyumba vitano, kila mtu na uso wake, wote wanajifanya hawana habari. Jina linasomwa, na papo hapo wanne wanafutwa! Kamera yote kwa mshindi. Wakati mshindi tunajua atafanya nini: atashika kifua, atambusu mke, ataenda. Wale wanne ndio mchezo wenyewe. Mimi nataka mtu aniambie: "Namba tatu anapiga makofi lakini viganja havikutani. Namba tano anatabasamu, ila jicho la kushoto limekataa."

Na mabadiliko ya wachezaji je? Wenzetu wa Oscar, zile tuzo za filamu za Marekani, wana watu maalumu waliovalishwa vizuri, kazi yao kukaa kwenye kiti cha staa anayekwenda msalani, ili kamera isikute pengo. Mtu anatoka, mtu anaingia, na hakuna hata anayenyanyua ubao! Angekuwepo mtangazaji angesema: "Mabadiliko ya kiufundi safu ya pili, anatoka mshindi wa mwaka jana akiwa na haraka zake, anaingia kijana ambaye jina lake hatukuletewa."

Swali kwenu: ni mimi tu na wateja wangu, au na nyie mmeliona hili? Na mkipewa maiki ya kumkabidhi mtu akatangaze tuzo, mngempa nani?

Nawasilisha.

Jangwani_Kwanza

"Jicho la kushoto limekataa." Nimecheka hadi abiria wa pembeni kahama siti. Kwenye daladala siwezi kuandika marefu, narudi.

MC_Sato

Mleta mada, hongera kwa uzi ulioshiba, ila nakupinga kidogo kwa sababu za kikazi. Mimi ni mshereheshaji hapa Mwanza. Harusi, mahafali, na tuzo za hapa na pale.

Mnaona ukumbi uko kimya kwa sababu hamsikii ninachokisikia mimi. Kuna kidude sikioni, na ndani ya kidude kuna mtu anapiga kelele: "Refusha! Mgeni rasmi ndiyo anaingia getini." Narefusha. Nawasalimia upya watu niliokwisha kuwasalimia. "Refusha tena, lile lilikuwa gari la maji." Mtangazaji wa mpira mpira ukisimama anataja msimamo wa ligi. Mimi msimamo wangu ni upi? Nitaje meza zilizopata vinywaji na zisizopata?

Mgeni rasmi akifika, kumbe si yeye, ni mwakilishi wake. Mwakilishi anasoma hotuba kama ilivyoandikwa, neno kwa neno: "Mimi kama mkuu wenu wa mkoa." Ukumbi unatazamana. Baada ya hapo wadhamini. Kila tuzo ina mdhamini, na kila mdhamini lazima aseme mawili matatu. Sijawahi kuona mawili matatu yakaishia matatu. Bahasha ikija kufunguliwa saa sita usiku, mshindi hayupo, "tuzo yake itapokelewa na meneja wake", na meneja naye kamtuma mdogo wake.

Halafu kuna hofu ya bahasha yenyewe, hiyo mpira hauna. Kila MC anaota ile ya Oscar ya Februari 2017. Kwa saa zetu ilikuwa Jumatatu saa mbili asubuhi, nanywa chai. Warren Beatty anafungua, anatazama, anatazama tena ndani ya bahasha kama anatafuta chenji, anamsogezea Faye Dunaway, mama wa watu anasoma La La Land. Wanapanda, wanashukuru wazazi. Kumbe utaratibu ni kuwa na seti mbili za bahasha, moja kila upande wa jukwaa, na wale wazee wamepewa pacha ya bahasha ya mwigizaji bora wa kike. Filamu iliyoshinda ni Moonlight. Wenye La La Land ndio wenyewe waliokuja kutangaza kwamba wamefungwa! Jordan Horowitz akainua kadi watu waisome. Mimi siku hiyo chai ilipoa.

Kwa hiyo sikatai mtangazaji aje. Ila aje na uvumilivu.

Rimoti_Mkononi

Mkuu MC, hayo ya gari la maji ndiyo ninayoyataka! Hayo ndiyo yatangazwe. "Msafara umeonekana… hapana, hapana, mshika kibendera ameinua, ni gari la maji."

Na hotuba za washindi, mnazidhibitije? Maana Oscar wana kanuni ya sekunde 45, lakini Machi 2025 Adrien Brody alikaa dakika 5 na sekunde 40. Muziki ulianza kumfukuza, akawaambia wauzime, si mara yake ya kwanza hapo. Kabla ya kupanda alikuwa na bigijii mdomoni, akaitoa akamrushia mpenzi wake. Mpira wa kurusha kabisa ule, mikono miwili imekosekana tu.

MC_Sato

Hatudhibiti. Nani atamzimia maiki mtu anayemshukuru Mungu? Na wetu huanza na Mungu, wakamaliza wazazi, wakarudi kwa Mungu.

Dawa nzuri niliyowahi kuiona ni ya Jimmy Kimmel, mshereheshaji wa Oscar ya 2018. Aliahidi pikipiki ya maji kwa atakayetoa hotuba fupi kuliko wote. Akaipata Mark Bridges, yule mbunifu wa mavazi, akaletwa jukwaani kaipanda, na jaketi la kuokolea majini juu ya suti. Hiyo ingekuja Mwanza, na ziwa hili hapa, tuzo nzima ingeisha kabla ya magharibi. Halafu kuna Joe Pesci mwaka 1991, alisema ilikuwa heshima kwake, akashukuru, akashuka. Huyo MC yeyote angemwozesha dada yake.

Mjomba_wa_Nakuru

Wadau wa TZ, salamu kutoka Nakuru. Maiki mimi ningempa marehemu Leonard Mambo Mbotela, Mungu amrehemu, alituacha Februari 2025. Yule aliweza mpira, na kwa kipindi chake cha Je, Huu ni Uungwana? aliweza pia kumsema mtu bila kumtaja. Hicho ndicho kipaji cha kutangaza tuzo. Mtu anapanda jukwaani anamruka mwenzake aliyemnyooshea mkono, Mbotela anauliza tu swali lake, basi, mhusika ahame mji.

Lakini nikurudishe kwenye redio kidogo. Watangazaji wa zamani walikuwa wanasema timu inashambulia kutoka kushoto kwenda kulia kwa redio yako. Nyanya yangu alilichukua kama agizo. Alikaa upande wa kulia, kwa maana ndiko mabao ya Gor Mahia yangeingilia. Ikifika kipindi cha pili anaigeuza redio, uso ukutani. Ukimuuliza, anajibu timu si zimebadilishana lango? Hakuna profesa alimjibu.

Sasa kwa tuzo. Machi 2014 Lupita Nyong'o alipochukua Oscar, Kenya yote ilikuwa jamaa yake kufikia saa nne asubuhi. Shida ikawa Mexico nao walimdai, kwa sababu alizaliwa huko. Hapo bila mtangazaji wa mpira utaelezaje? Huo ulikuwa usajili wenye utata! Mchezaji mmoja, klabu mbili, kila moja ina karatasi. Ninyi wa Dar mnajua hayo mambo kutuliko.

Mnyama_Damu

Mjomba wa Nakuru usituchokoze asubuhi.

Ila kwa vile tuzo zimetajwa, nikumbushe kwa unyenyekevu kwamba Julai 2022 kule Rabat bao bora la mwaka la CAF lilikuwa la Pape Ousmane Sakho. Tiktaka, Simba na ASEC Mimosas, Kwa Mkapa. Nakumbusha tu. Siongezi neno.

Jangwani_Kwanza

Nimeshuka kwenye daladala, na nimekuta nilichokitarajia.

Novemba 2025, Rabat hiyohiyo. Bao bora: Clement Mzize, Yanga, dhidi ya TP Mazembe. Mchezaji bora wa klabu za Afrika: Fiston Mayele, ambaye ule ushangiliaji wake wa kutetema tuliuona wapi vile? Nakumbusha tu. Siongezi neno.

Mnyama_Damu

Mayele alichukua akiwa Pyramids. Huyo ni mtoto wa jirani mnayemdai kwa sababu aliwahi kula kwenu.

Rimoti_Mkononi

Nilisema lakini. Nilisema.

Hata hivyo mmenisaidia bila kukusudia. Tuzo ya bao bora ndiyo tuzo pekee ambayo mtangazaji yumo ndani yake! Wakilirudia bao ukumbini, sauti yake inakuja nalo. Mfungaji kapiga tiktaka moja, mtangazaji kapasua koo, na kwenye kumbukumbu za watu vile vitu viwili vimeshikana, huwezi kulitazama bao bila kuisikia ile kelele. Halafu mfungaji akishukuru, anashukuru Mungu, kocha, wenzake, mashabiki. Sijawahi kusikia aliyemshukuru aliyepiga kelele. Mimi ningegawa: mguu kwa mfungaji, koo kwa mtangazaji.

Na ili mpumzike: Januari 2016, Abuja, Samatta alichukua mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Kati ya watatu wa mwisho alikuwemo Kidiaba, kipa mwenzake wa Mazembe, yule anayeshangilia kwa kurukaruka na makalio. Mimi Mtanzania, nilimwombea Samatta. Lakini kama mtu mwenye kibanda, fikirieni mngeona Kidiaba anakwenda kuchukua tuzo kwa mtindo wake ule, kutoka kwenye kiti hadi jukwaani. Mtangazaji angepata kazi ya maisha.

Shangani_Maskati

Assalaam aleikum. Mie niko Maskati, kwetu Unguja. Huku mpira twatazama kwa Kiarabu, na huku ndiko aliko mtu wenu. Issam Chaouali, Mtunisia wa beIN. Yule bwana bao likiingia hatangazi, anafungua maktaba. Atakupitisha Andalusia, atakutia beti mbili za shairi, atamtaja mfalme ambaye mie nilimsoma chuoni nikamsahau, na wewe hata hujui nani kafunga. Watoto wangu wamejua historia kwa Ligi ya Mabingwa.

Huyo mpeni tuzo. Mtu akipanda ngazi tatu tu, keshamtajia babu yake wa saba.

Ila nasema jambo moja, bwana wa rimoti. Mzee wako wa reli ana kitu ambacho Chaouali hana. "Sijui wana nini." Ile kauli imenimaliza. Mtangazaji anayekubali kwamba hajui, na bado ananong'ona, huyo ni wa barazani khasa.

Rimoti_Mkononi

Waaleikum salaam, sheikh. Nitamfikishia, ila nitampunguzia sifa, maana tayari anadai kiti chenye mto.

Kwa upande wa kutaja watu, nadhani bingwa wa dunia ni Mnorwei mmoja, Bjørge Lillelien. Septemba 1981, Oslo, Norway wameifunga Uingereza 2-1 kutafuta kwenda Kombe la Dunia. Jamaa alipagawa. Akaanza kuwaita Waingereza kwa majina, kama anasoma daftari la mahudhurio: Nelson, Beaverbrook, Churchill, Eden, Attlee, Henry Cooper yule bondia, Lady Diana. Wengi wao marehemu! Halafu akamgeukia waziri mkuu Margaret Thatcher, akamwambia kwa Kiingereza, ili ujumbe usipotee njiani, kwamba vijana wake wamechapwa vibaya sana.

MC_Sato

Itifaki imezingatiwa.

Jangwani_Kwanza

MC umeua. Uzi ufungwe.

Binti_Lushoto

Usifungwe kwanza. Shikamooni wakubwa wote humu.

Kaka wa rimoti, kuna mtu umemsahau. Baba yangu haoni, presha ya macho ilimchukulia pole pole. Mpira anausikiliza kwenye TV, anakaa kwenye kiti chake na uso ameuelekeza huko kabisa. Yule mtangazaji wako anayesema "anaurusha" na "kipa anaudaka" anazungumza na baba. Siku wakileta wachambuzi wawili, wakaanza kusimuliana enzi zao za kucheza huku mpira unaendelea, baba anagonga mkongojo sakafuni: "Mpira uko wapi? Waulize mpira uko wapi!"

Kwenye tuzo sasa ndiyo balaa. Yeye anasikia muziki, jina, makofi, muziki. "Amefanyaje?" Amesimama, baba. "Analia?" Kidogo. "Kidogo cha kweli au cha kamera?" Mimi ndiye mtangazaji wa nyumba.

Siku ngumu kuliko zote ilikuwa Miss Universe ya Desemba 2015. Kwetu ilikuwa Jumatatu alfajiri, baba yuko macho tangu swala. Steve Harvey katangaza Colombia. Namweleza baba: amevishwa taji, ameshika maua, anapunga mkono, analia cha kweli. Baba anasema haya, hongera zao. Mara Harvey anarudi na kadi, anaomba radhi, mshindi ni Ufilipino. Namwambia baba, wanamvua taji. "Wanamvua nani?" Yule wa Colombia. "Nani anamvua?" Miss Universe wa mwaka uliopita, baba, naye ni wa Colombia. Baba akanyamaza, halafu akauliza: "Kwani bao limekataliwa, au refa kaombwa na jamaa zake?"

Rimoti_Mkononi

Binti, mpe mzee shikamoo yangu ya mikono miwili. Na mwambie kibanda kina nafasi yake bila kiingilio, karibu na spika.

Hapo hoja yangu imepata mtetezi kuliko mimi. Watu wa mpira wanamhesabu mzee wako hata bila kujua. Watu wa tuzo wanadhani kila mtu ana macho, na wenye macho wenyewe wanaonyeshwa makofi. "Kidogo cha kweli au cha kamera?" Hilo swali liandikwe kwenye mkataba wa mtangazaji.

Kibendera_Kibaha

Nimesoma kimya muda mrefu. Mimi ni mshika kibendera ligi ya wilaya, sitaji wilaya kwa usalama wangu. Kama mnaleta mtangazaji wa mpira kwenye tuzo, lazima mlete na sheria, vinginevyo atatangaza fujo.

Kuotea. Anayewania akiinuka kabla jina halijasomwa likaisha, ameotea. Msidhani natunga. Mwaka 1934 kwenye Oscar, Will Rogers akitangaza mwongozaji bora wa filamu alisema njoo uichukue, Frank. Frank Capra akainuka, akaanza safari kati ya meza, taa inamtafuta, kumbe taa inamtafuta Frank Lloyd upande wa pili. Capra mwenyewe alikuja kuisimulia ile safari ya kurudi kwenye kiti. Mwaka uliofuata akachukua kweli. Kuotea kumoja hakumalizi mchezaji, nawaambia hata washambuliaji wa huku.

Faulo. Machi 2022, Will Smith kapanda jukwaani kamchapa Chris Rock kofi. Mpira ukaendelea! Aliyechapa karudi kukaa, na kabla usiku haujaisha kaitwa tena kupokea tuzo ya mwigizaji bora wa kiume. Kadi ikaja siku 12 baadaye, kufungiwa hafla zao miaka 10, na kombe amebaki nalo. Huku kwetu refa wa namna hiyo hafiki stendi.

Kupoteza muda. Kutafuta karatasi mfukoni wakati ulijua unawania. Njano.

Mnyama_Damu

Kusema "sikutarajia" huku umevaa gauni la mita sita?

Kibendera_Kibaha

Hiyo ni kujiangusha. Njano.

Shangani_Maskati

Na anayeshukuru timu nzima halafu akamsahau mkewe?

Kibendera_Kibaha

Hiyo haiko mikononi mwangu, bwana. Kuna kamati ya nidhamu nyumbani.

MC_Sato

Wakuu, nimeshawishika. Jumamosi nina hafla ya tuzo za ligi ya kata, na mchana huu nimempigia kijana mmoja anayetangaza mechi za huku kwa spika ya kanisani. Amekubali kwa nauli na soda. Nitamweka nyuma ya pazia na maiki ya pili.

Swali langu ni la kiufundi. Mgeni rasmi ni diwani. Akianza hotuba, kijana aendelee kutangaza au anyamaze?

Jangwani_Kwanza

Aendelee. Ila sauti ya chini, kama mpira uko nje na wanamtafuta muokota mipira.

Binti_Lushoto

Aseme karatasi zimebaki ngapi. Baba anasema hicho ndicho kila mtu ukumbini anataka kujua.

Mjomba_wa_Nakuru

Na zawadi ni nini, MC? Kombe ama pesa?

MC_Sato

Kombe, jezi, na laki tano kwa bingwa. Mfano wa hundi umeshachapishwa, una mita mbili na hautoshi kwenye bajaji. Hundi yenyewe bado inafuatiliwa.